Usinitajie Mapambano 49, Nitajie Majina: Nani Bingwa Kweli wa Uzito wa Juu?

Wadau, Jumamosi ya Julai 19, 2025, karibu saa sita usiku, Karatu ilikuwa na baridi ile ya kukufanya uongee moshi ukitoka mdomoni. Lakini ndani ya kibanda umiza tulikuwa tunatoka jasho. Madereva wa watalii waliotoka kushusha wageni, vijana wa bodaboda, wapishi wa kambi, wauza vitunguu wa Mang'ola waliokosa usafiri wa kurudi, wote macho kwenye skrini moja. Wembley, London. Oleksandr Usyk na Daniel Dubois. Raundi ya tano Usyk akaachia mkono wa kushoto, Dubois chini, kwisha habari.

Refa hajamaliza hata kumnyanyua mshindi mkono, ubishi umeshaanza. Unajua sisi tulivyo.

"Huyu ndiye bora wa muda wote," akasema mmoja. Kijana wa bodaboda akamkata: "Acha utani. Rocky Marciano alipigana mara 49 hajapigwa hata moja. Nani mwingine?" Mpishi naye akaja na Joe Louis, aliyetetea mkanda mara 25. Nyuma kabisa kuna mtu akapiga kelele "Tyson!" kisha akanyamaza, kama vile jina lenyewe linatosha.

Mimi nilibishana hadi sauti ikakauka, na bado nina la kusema. Hizi namba tunazotupiana ndizo zinazotupotosha. Namba inakuambia bondia kapiga watu wangapi. Haikuambii kapiga nani, kampiga lini, na huyo aliyepigwa aliingia ulingoni akiwa amejiandaa au ameokotwa juzi. Bila majibu ya hayo matatu, rekodi ni orodha ya majina ya marehemu tu, hujui walikufa kwa nini.

Swali la kwanza: kampiga nani?

Tuanze na Joe Louis, maana watu wanamtaja kwa heshima na anastahili. Alikuwa bingwa kuanzia 1937 hadi 1949. Utetezi mara 25, na mpaka leo hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyefika hapo. Lakini kati ya Desemba 1940 na Juni 1941 alipigana karibu kila mwezi, na waandishi wa Marekani wa wakati ule wakawapa wapinzani wake jina la kejeli. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani tungesema "kibonde wa mwezi".

Sasa angalia utamu wa historia. Wa mwisho kwenye msururu ule alikuwa Billy Conn, mtu aliyepanda kutoka uzito wa chini yake, mwepesi kuliko Louis kwa kilo nyingi. Kimahesabu huyu ndiye alikuwa kibonde kuliko wote. Akamzungusha Louis hadi raundi ya 12 akiwa anaelekea kushinda kwa pointi, tamaa ikamwingia ya kumaliza kwa KO, akajisahau, akalazwa raundi ya 13.

Ukiniuliza mimi, raundi zile 13 na Conn zinamjengea Louis ukubwa kuliko vibonde wa miezi yote ukiwajumlisha. Pale ndipo alipokutana na mtu wa kumvua mkanda, akatafuta njia.

Na hapa kuna jambo la uzito wa juu ambalo wengi hatulifikirii. Madaraja mengine ya ngumi yana dari. Ukizidi kilo, unaambiwa kakimbie ukapunguze. Uzito wa juu unaanzia pale pauni 200 zinapopita, kama kilo 91, halafu hakuna dari. Mtu wa kilo 93 anaweza kisheria kabisa kupigana na mtu wa kilo 120. WBC waliliona hilo, mwaka 2020 wakaanzisha daraja la katikati linaloitwa bridgerweight. Lakini kwa ujumla mizani hapa haimlindi mtu. Anayemlinda bondia wa uzito wa juu ni anayempangia mpinzani.

Tena kilo peke yake si hoja. Mei 18, 2024 pale Riyadh, Tyson Fury alimzidi Usyk kwa zaidi ya kilo 15 na urefu wa kutosha. Usyk akashinda, akawa bingwa wa mikanda yote minne. Desemba wakarudiana, akashinda tena. Hakuna aliyeita lile pambano la kibonde, kwa sababu Usyk alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya 2012, alikuwa ameshakusanya mikanda yote ya uzito wa chini yake, na alikuwa na miezi ya kambi nyuma yake. Udogo wa mwili haumfanyi mtu kibonde.

Swali la pili: kampiga lini?

Hili nilifundishwa na mzee mmoja dereva wa watalii aliyekaa pembeni yangu usiku ule. Nilikuwa nimempa shikamoo na kumpisha benchi, basi akaona anilipe kwa hekima.

"Dogo," akaniambia, "kule kreta wageni wangu wakimkuta simba juu ya nyumbu asubuhi, na fisi wamemzunguka wanasubiri, wote wanasema: simba kaua, fisi anadoea. Mara nyingi ni kinyume. Fisi wamekimbiza usiku kucha, wameua, simba kaja kuwanyang'anya."

Mzee hakuwa anapiga stori. Mtafiti Hans Kruuk alikesha na fisi wa Ngorongoro miaka ya 1960, na aliyoyaona ndiyo hayo: fisi wa kreta wanajiwindia chakula chao, na simba mara nyingi ndiye anayefaidi kazi ya wengine.

Sasa mrudie Marciano na 49 zake. Oktoba 1951 alimpiga Joe Louis. Ukisoma jina tu unasimama kupiga makofi. Ukisoma tarehe unakaa. Louis alikuwa na miaka 37, amerudi kutoka kustaafu kwa sababu ya madeni ya kodi. Miaka, kodi na mapambano ya zamani vilikuwa vimeshamkimbiza usiku kucha. Marciano alifika asubuhi.

Simwondolei Marciano ubingwa, tuelewane. Alikuwa na moyo na ngumi ya kuvunja ukuta. Ninachosema ni kwamba mnyama kuwa mdomoni mwako si ushahidi kuwa wewe ndiye uliyemuua.

Swali la tatu: aliambiwa lini?

Hapa ndipo biashara ilipo, na hapa ndipo Waafrika tunapoumia.

Mchukue Martin Bakole, Mkongo. Agosti 2024 alikwenda Los Angeles akamchapa Jared Anderson, kijana wa Kimarekani aliyekuwa anaandaliwa kuwa nyota, raundi ya tano ikatosha. Dunia nzima ikasema huyu Mkongo anakwepwa. Februari 2025 Dubois akaugua siku chache kabla ya pambano lake na Joseph Parker kule Riyadh. Bakole akapigiwa simu. Akafika usiku wa kuamkia pambano, mwili ukiwa na pauni 315, karibu kilo 143, mtu ambaye wazi hakuwa kambini. Mkanda wa muda wa WBO ulikuwa mezani. Raundi ya pili akaenda chini.

Kesho yake mitandaoni: "Bakole mchovu." "Bakole kitambi." Jamani! Yule yule tuliyemwita tishio miezi sita nyuma. Hakuzaliwa kibonde, alifanywa kibonde na simu iliyochelewa na hesabu ya fedha ambayo mimi na wewe tungepata shida kuikataa.

Najua mtu ataniambia, mbona Hassan Mwakinyo aliitwa kwa muda mfupi akashinda? Kweli. Septemba 8, 2018, Birmingham, kijana wa Tanga alipelekwa kama chakula cha Sam Eggington nyumbani kwa Eggington, akammaliza raundi ya pili. Tulikesha tukishangilia, na mimi nilikuwemo. Lakini tusijidanganye. Kwa kila Mwakinyo wa Birmingham kuna vijana wengi wanaopanda ndege wakiwa na begi moja na kurudi na rekodi ya kupigwa, na hakuna anayekwenda kuwapokea.

"Lakini maajabu hutokea!"

Hii ndiyo hoja kubwa ya wanaotetea mapambano yasiyolingana, na siwezi kuiruka. Wanasema: Tyson na Buster Douglas, Tokyo, Februari 1990. Andy Ruiz na Anthony Joshua, New York, Juni 2019. Na mfalme wa yote, Kinshasa, Oktoba 30, 1974.

Kinshasa ni jirani yetu, basi tukae hapo kidogo. George Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40, yote kashinda, 37 kwa KO. Joe Frazier na Ken Norton, watu wawili pekee waliokuwa wamempiga Muhammad Ali, Foreman alikuwa amewamaliza wote ndani ya raundi mbili mbili. Ali alikuwa na miaka 32. Watu waliogopa kuwa atakufa. Raundi ya nane, aliyelala chini ni Foreman.

Haya. Lakini Ali alikuwa kibonde? Alikuwa bingwa wa zamani, alikuwa ameshalipa kisasi kwa Frazier na Norton wote wawili, alikuwa amekaa Zaire wiki kadhaa akijiandaa. Ruiz naye, tuliyemcheka kwa tumbo lake, alikuwa ameshapigania mkanda wa WBO dhidi ya Parker mwaka 2016 na kushindwa kwa tofauti ndogo. Douglas alikuwa kwenye orodha ya wanaostahili. Hao walikuwa mabondia kamili ambao wacheza kamari waliwakosea hesabu. Dunia kukosea kumkadiria mtu ni kitu kimoja. Kumchukua mtu ambaye kila mmoja ukumbini anajua hawezi, ukamtia ulingoni ili uuze tiketi, ni kitu kingine kabisa.

Mfano wa hicho kingine ni 1957, Floyd Patterson alipompa nafasi ya ubingwa wa dunia Pete Rademacher, bingwa wa Olimpiki ambaye hakuwa amepigana hata pambano moja la kulipwa. La kwanza maishani mwake likawa la ubingwa wa dunia! Alimwangusha Patterson raundi ya pili, ukumbi ukalipuka, kisha akachakazwa hadi raundi ya sita.

Mfano mchungu zaidi unapitia Dar es Salaam. Februari 1980 Ali alitua hapo akiwa ametumwa na Rais Jimmy Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Waandishi wakamuuliza: Afrika iliposusia Montreal mwaka 1976, Marekani ilikuwa wapi? Ali, mtu wa maneno mengi kuliko wote duniani, akakiri hakuwa ameelezwa mambo yote. Alikuwa ameingizwa ulingoni bila maandalizi.

Miezi minane baadaye wakamfanyia hivyo hivyo, safari hii kwa ngumi. Oktoba 2, 1980, Las Vegas, dhidi ya Larry Holmes. Ali ana miaka 38, hajapigana miaka miwili. Holmes alikuwa zamani mtu wake wa mazoezini, sasa ni bingwa wa WBC katika ubora wake. Majaji wote watatu walimpa Holmes raundi zote kumi, kisha kona ya Ali ikasimamisha. Mwaka 1984 madaktari wakatangaza kuwa ana dalili za Parkinson. Sitasema ni usiku ule uliomuua mikono, mimi si daktari. Lakini nani alihitaji lile pambano zaidi ya waliouza tiketi?

Pambano lililokataliwa

Kuna pambano moja la uzito wa juu ambalo kila Mtanzania anapaswa kulijua. Mwaka 1978, vita ya Kagera imeshaanza, Idi Amin, jitu la miraba minne lililowahi kuwa bingwa wa ngumi Uganda, alitoa wazo kuwa yeye na Nyerere wamalizane ulingoni, na refa awe Muhammad Ali. Mwalimu wakati huo ana miaka 56, mwembamba, mtu wa vitabu.

Tunalicheka, na kweli linachekesha. Lakini huo ndio ubabe wa vibonde ulivyo. Mtu mkubwa anachagua uwanja anaoujua, anachagua mpinzani asiyeujua, halafu anataka tumpigie makofi kwa ushujaa. Nyerere hakupanda kwenye ule ulingo. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Kukataa pambano la mtu mwingine si woga.

Tatizo ni kwamba Mwalimu alikuwa na nguvu ya kukataa. Wengine hawana.

Klipu niliyoisambaza

Sasa niseme lililonifanya niandike haya, maana si Usyk.

Kuna kijana wa huku kwetu, simtaji. Anapakia magunia ya vitunguu kwenye malori, mwili upo, mazoezi anafanya jioni na gunia la mchanga lililofungwa kwenye mti. Akapigiwa simu siku tano kabla: kuna pambano mji wa mbali, la ubingwa, mkanda upo, hela ipo. Mpinzani ni mtu mwenye miaka ulingoni na kilo nyingi zaidi. Uzito wa juu hauna dari, si tumeona?

Alipigwa raundi ya pili. Alivyoanguka, mguu mmoja ulinasa kwenye kamba na ikawa picha ya kuchekesha sana. Klipu ikazunguka Karatu nzima. Mimi nilipoipata nikaweka vile vikatuni vya kulia kwa kicheko na kuituma kwenye makundi matatu.

Wiki mbili baadaye nikamkuta kwenye mnada amekaa kivulini, hapakii. Nikamwambia, "Vipi mwanangu, leo umegoma?" Akaniambia, "Kaka, nikiinama kichwa kinagonga." Nikamuuliza kama daktari alimwona usiku ule baada ya pambano. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Daktari gani?"

Hakunilaumu kwa ile klipu. Sijui hata kama anajua niliituma. Nashukuru Mungu alipona, anapakia tena. Lakini toka siku ile sijaweza kumcheka mtu aliyeanguka ulingoni bila kujiuliza aliambiwa lini.

Karatu inajua bingwa ni nini

Na sisi watu wa huku hatuna kisingizio, kwa sababu bingwa wa kweli alizaliwa hapa hapa. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu. Februari 2, 1974, Christchurch, mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alitoka mbele toka mwanzo, hakumficha mtu nia yake, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia. Nyuma yake John Walker wa New Zealand, naye akiwa ameivunja rekodi ya zamani. Sikiliza hapo tena: aliyeshindwa naye aliivunja rekodi ya dunia!

Ndiyo maana mbio zile zinatajwa hadi leo. Kwa kuwakimbia vibonde, Bayi angeshinda kwa mita 50 na tungekuwa tumemsahau. Walker ndiye aliyemfanya Bayi awe Bayi. Na Walker alipochukua dhahabu ya Montreal 1976, Afrika ikiwa imesusia, watu waliuliza na wanauliza mpaka kesho: je, Bayi angekuwepo? Dhahabu ni yake halali, lakini kuna kiti kitupu pembeni yake. Moscow, ile Olimpiki tuliyokwenda licha ya Ali, Bayi akaleta fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000. Mpaka leo hatujapata medali nyingine ya Olimpiki.

Mpinzani bora ni zawadi kwa bingwa. Anayewakwepa anajiibia mwenyewe.

Kwa hiyo orodha yangu ni hii, mnipige mawe mkitaka. Wa kwanza Ali, kwa sababu ya majina: Liston, Frazier, Norton, Foreman. Wa pili Louis, pamoja na vibonde wake. Wa tatu nampa Usyk, mbele ya Marciano na 49 zake, kwa sababu amewafuata wakubwa hadi nyumbani kwao na kuwapa marudiano.

Kwa mapromota wa kwetu, ombi langu ni dogo. Kabla ya kuchapisha bango lenye neno "ubingwa", hakikisheni mtu amepata wiki za kutosha, ameonwa na daktari kabla na baada, na kona yake ina mtu mwenye ujasiri wa kurusha taulo. Kama hamwezi hayo matatu, liiteni maonyesho, msiliite ubingwa.

Kwetu mashabiki ni dogo zaidi. Klipu ya jamaa aliyeanguka ikikufikia kesho, kabla hujaituma, uliza maswali yale matatu: kapigwa na nani, lini, na aliambiwa siku ngapi kabla. Ukikosa majibu, ifute.

Haya, leteni orodha zenu. Ila ukija na namba bila majina, sikujibu.